Nyanda Nne hadi Kilwa

Nazi ikipasuliwa na mjuzi hutoa vizio viwili. Bibi yangu hakukubali neno jingine. Vipande, alisema, ni vya mtu aliyeibamiza nazi chini kwa hasira. Kizio ni nusu iliyotimia, yenye ukingo usiomkata mtu kiganja anapokaa juu ya mbuzi kukuna. Aliishika nazi kwa mkono wa kushoto, macho yote matatu yameelekea ubavuni, akaigonga kiunoni kwa mgongo wa panga, akaizungusha kidogo, akaigonga tena. Kati ya pigo na pigo alikuwa akisikiliza. Kwenye pigo la tatu au la nne sauti hubadilika, huwa nzito na yenye mkwaruzo, na hapo ndipo alipoisogeza nazi juu ya bakuli, maana alijua pigo linalofuata litatoa maji.

Miaka mingi baadaye, mwalimu wa jiografia alipoandika ubaoni Kizio cha Kaskazini na Kizio cha Kusini, mimi niliona panga. Waliotafuta neno la nusu ya dunia walikwenda jikoni, na sijaona istilahi iliyochaguliwa vizuri kuliko hiyo. Nazi ina ncha mbili, moja ina macho. Kutoka machoni mishono mitatu hushuka hadi ncha ya pili. Na katikati, mbali sawasawa na ncha zote, kuna kiuno ambacho hakuna aliyekichora lakini kila mpasuaji anakijua. Dunia nayo ndivyo ilivyo. Kwa kuwa inajizungusha, ina ncha mbili; na kwa kuwa ina ncha, ina kiuno. Kule kujizungusha kumeinenepesha hata hapo kiunoni: kutoka kitovu cha dunia hadi Ikweta ni mbali zaidi kwa kilomita 21 hivi kuliko kutoka kitovu hicho hadi kwenye ncha. Istiwai, kama wanavyoiita wengine pwani kwa neno lenye asili ya Kiarabu, haikuamuliwa na kikao chochote.

Ninapoandika haya pana kibao mezani. Ni mbao ya mraba, sentimita 10 kila upande, ina tundu katikati, na ugwe umepita tunduni ukafungwa fundo kwa nyuma usichomoke. Chombo chote ni hicho. Kwa Kiarabu huitwa kamal, kutoka mzizi uleule uliotupa neno kamili (kamari ni jambo jingine, ingawa baharini yote mawili hukutana). Unashika ugwe kwa meno, unanyoosha mkono, unakisogeza kibao mbele au nyuma mpaka ukingo wa chini uguse mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, na ukingo wa juu uguse nyota. Vikigusa vyote viwili kwa pamoja, unasimama hapo. Urefu wa ugwe kati ya meno na kibao ndio jibu. Nyota ikiwa juu, kibao kinarudi karibu na uso. Ikiwa chini, kinakwenda mbali. Nahodha aliyekwisha kufika bandari fulani hufunga fundo mahali pake, na siku nyingine fundo hilo likikaa menoni na nyota ikikaa ukingoni, anajua kwamba yuko kwenye usawa wa bandari ile, hata kama haioni. Hapo anageuza chombo kuelekea nchi kavu na kuufuata usawa huo mpaka afike.

Kupima huku mabaharia wa Kiarabu walikuita qiyas. Ni neno letu kiasi. Nimelitumia maisha yangu yote kwa chumvi na kwa nauli bila kujua kwamba limewahi kuelekezwa kwenye nyota. Kipimo chao kiliitwa isba, kidole; Kiswahili cha zamani kina neno lake, wanda, yaani upana wa kidole kimoja, na wingi wake ni nyanda. Duara nzima ya mbingu waliigawa katika nyanda 224, kwa hiyo wanda mmoja ni kama digrii moja na dakika 36. Nyoosha mkono, simamisha kidole cha shahada mbele ya jicho moja: upana wa mbingu uliozibwa na kidole hicho ndio huo, kwa kukadiria. Ukipanda au kushuka kwenye ramani kwa wanda mmoja, umesafiri karibu kilomita 178.

Nilipoijua hesabu hii nilichukua ramani ya pwani yetu nikaanza kuipima kwa vidole. Lamu iko digrii 2 na dakika 16 kusini ya Ikweta. Mombasa iko digrii 4 na dakika 3. Tofauti ni wanda mmoja na chembe. Kutoka Mombasa hadi mji wa Unguja ni wanda mmoja na theluthi. Kutoka Unguja hadi Kilwa Kisiwani ni wanda mmoja na robo tatu. Ukizijumlisha, Lamu mpaka Kilwa ni nyanda nne, na nyanda nne ni upana wa vidole vya mkono mmoja vikibanwa pamoja. Misikiti yote ile ya matumbawe, makaburi ya mnara, majahazi, ugomvi wa Pate na Lamu, dhahabu iliyopita Kilwa: vyote vinatosha nyuma ya vidole vinne.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, hauko katika kibao. Mtoto anaweza kukichonga. Uko katika kujua nyota ipi, wakati gani. Kwa baharia wa Oman au Gujarat jambo ni jepesi, kwa sababu anayo Nyota ya Kaskazini, aliyoiita Jah, na kimo chake juu ya bahari ni karibu sawa na umbali wa chombo kutoka Ikweta. Nasema karibu, kwa sababu miaka 500 iliyopita nyota hiyo ilikuwa zaidi ya digrii tatu nje ya ncha halisi ya mbingu na ilikuwa inaizunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Rubani alitakiwa ajue iko upande gani wa kamba saa ile anapoipima, na aongeze au apunguze. Lakini chombo kikishuka kwa kaskazi, kikapita Mogadishu na kuelekea Kismayu, Jah inazidi kuinama hadi inalowa. Kabla ya Kismayu Ikweta imevukwa, na nyota iliyowaongoza tangu nyumbani inakwenda chini ya maji. Kizio kimebadilika.

Upande wa kusini hakuna nyota angavu iliyokaa kwenye ncha. Hapo ndipo rubani wa pwani ya Waswahili alipotofautiana na rubani wa bahari nyingine. Alihamia kwenye Farqadani, ndama wawili, zile nyota mbili zinazozunguka karibu na Jah lakini kwa kamba ndefu zaidi, kwa hiyo huchomoza juu ya bahari hata pale ambapo Jah imekwisha kuzama. Nazo zikiisha, kule chini kuelekea Sofala, alihamia kwenye Na'sh, jeneza, kundi ambalo wengine huliita Dubu Mkubwa. Kila nyota ina majira yake na saa yake ya kusimama wima, na kila moja ina orodha yake ya bandari. Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, alitunga utungo mrefu wa njia ya Sofala, na nakala yake iliyohifadhiwa St. Petersburg ilichapishwa mwaka 1957. Aliuandika kwa mashairi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa sababu: chenye mizani na vina hakisahauliki, hata usiku, hata karatasi ikilowa.

Watu hupenda kusema kwamba ni Ibn Majid aliyempeleka Vasco da Gama Uhindi. Wanahistoria wengi wameiacha hadithi hiyo, nami naiacha pia, kwa sababu iliyobaki ni tamu zaidi. Da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa rubani, akang'oa nanga tarehe 24, na tarehe 20 Mei alikuwa mbele ya Calicut. Mwandishi Mreno João de Barros, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1552, anaeleza kwamba Wareno walimwonyesha rubani huyo astrolabu yao kubwa ya mbao na nyingine za chuma, wakitazamia ashangae. Hakushangaa. Aliwaambia kwamba mabaharia wa kwao hutumia chombo cha vibao vitatu. Naye alikuwa amekwisha kuwaonyesha ramani ya pwani ya Uhindi iliyochorwa miraba midogo midogo, mistari ya kwenda juu ikikatana na mistari ya kwenda ubavuni.

Vibao vitatu nitavirudia. Kwanza miraba. Mistari ya ubavuni, latitudo, ndiyo ile inayosomwa kwa kibao na nyota. Mistari ya kwenda juu, longitudo, haisomeki hivyo, na si kwa uzembe wa mtu. Rudi kwenye nazi: kiuno ni kimoja, lakini mishono ni mitatu, na hakuna hata mmoja wenye haki ya kuitwa wa kwanza. Dunia inageuka, na nyota zilizopita juu ya kichwa cha mtu wa Malindi zitapita vilevile juu ya mtu aliye mbali magharibi yake, ila baadaye. Tofauti ni ya saa tu. Digrii 15 kwa saa moja, digrii moja kwa dakika nne. Anayetaka kujua yuko wapi mashariki au magharibi sharti ajue, saa hiyohiyo, ni saa ngapi alikotoka.

Fundi aliyelimaliza tatizo hilo alikuwa seremala. John Harrison, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1693, alianza kwa saa za mbao, na kwenye sehemu zinazosuguana alitumia mti mgumu wenye mafuta ndani yake, ili saa isihitaji kupakwa mafuta. Saa yake moja ya aina hiyo, iliyowekwa juu ya banda la farasi kule Brocklesby Park miaka ya 1720, bado inakwenda. Bunge la Uingereza lilikuwa limetangaza mwaka 1714 zawadi ya pauni 20,000 kwa atakayeipata longitudo baharini kwa kosa lisilozidi nusu digrii. Harrison aliunda mashine tatu kubwa kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha, akiwa na umri wa miaka 66, akamaliza ya nne, ambayo ni kama saa ya mfukoni iliyonenepa, upana wa sentimita 13, inayogonga mara tano kwa sekunde. Mwanawe aliipeleka Jamaica mwaka 1761. Baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde tano. Hebu zigeuze sekunde hizo kuwa ardhi: ni kilomita mbili na ushei. Zawadi aliidai kwa miaka mingi, kwa maneno makali, na fedha zilimjia kwa mafungu.

Ilibaki kuchagua mshono. Mwezi wa Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington. Ishirini na mbili zilipiga kura meridiani ya sifuri ipite katika kituo cha nyota cha Greenwich. Kutoka Afrika ilikuwapo Liberia peke yake. Ufaransa haikupiga kura, ikaendelea na Paris yake hadi mwaka 1911, ilipotunga sheria kwamba saa ya Ufaransa ni saa ya Paris ikirudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21, ambayo ni Greenwich bila kulitaja jina. Kizio cha Mashariki na Kizio cha Magharibi vilizaliwa hivyo. Mwezi mmoja baada ya Washington mkutano wa Berlin ulifunguliwa, na mistari iliyokuwa ya mabaharia ikaanza kutumiwa kama rula: mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulipitisha mpaka juu ya Ziwa Viktoria kwa kufuata digrii moja kusini, na mpaka leo wavuvi wa Uganda na wa Tanzania wametenganishwa majini na mstari ambao hakuna samaki aliyewahi kuuona.

Sisi wa pwani tunaishi na mshono huo kila siku bila kuugusa. Saa ya Afrika Mashariki imekadiriwa kwa meridiani ya digrii 45 mashariki, na meridiani hiyo inapita karibu sana na Mogadishu. Dar es Salaam iko digrii 39 na dakika 17. Maana yake, saa ya ukutani ikisema saa sita kamili mchana, ni jua la Mogadishu lililo katikati. La kwetu bado liko njiani, na kwa wastani litafika dakika 23 baadaye, likikawia zaidi Februari na kuwahi mapema Novemba. Adhana ya adhuhuri haijawahi kuifuata saa ya ukutani katika hili. Angalia kalenda ya swala iliyobandikwa msikitini: zile dakika za adhuhuri zinazozidi saa sita, zikichukuliwa kwa wastani wa mwaka, ni longitudo ya mji wako, imeandikwa na mtu anayejua kazi yake.

Na kama unataka kuona ufundi wa aina nyingine, pita Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, au Nanyuki. Utakuta mtu na beseni, akikuonyesha maji yakizunguka upande huu hatua chache kaskazini ya Ikweta, na upande ule hatua chache kusini. Ni uongo. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni. Kinachoyageuza ni mkono unaoyamimina. Nililipa, nikaangalia mkono wake kwa makini, na nakiri kwamba hata nilipokuwa nikiutazama sikuona alipofanya.

Kibao changu nilikipata Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Niliokota masalio ya mbao mahali wanapounda majahazi, nikaomba msumeno, nikakata. Ilikuwa katikati ya Juni, kusi linavuma kutoka nyuma ya kijiji, na mwezi ulikuwa wa siku saba. Mwezi nilikuwa nimeungoja makusudi. Usiku wa giza nyota unaziona lakini mpaka wa bahari na mbingu huuoni, na mchana ni kinyume chake. Unahitaji mwanga kidogo, usiozidi, na uwe upande ambao hutazami. Saa tatu na dakika arubaini usiku, Farqadani ilipokuwa imefika juu kabisa ya njia yake, niling'ata ugwe.

Mara ya kwanza nilipata sentimita 51. Nilikaa mchangani nikapiga hesabu, na hesabu ikaniambia kwamba niko usawa wa karibu na Vanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mahali nilipokaa. Mkono ulikuwa umetetemeka. Kibao kilikuwa kimeinama. Nilikuwa nimegusisha nyota kwenye ukingo, halafu nikashuka kuutafuta mstari wa bahari, na wakati huo nyota ikatoka. Kosa la wanaoanza ni hilo la kutazama kingo kwa zamu. Jicho linatakiwa litulie katikati ya kibao na lizione kingo zote mbili kwa pembeni, kama mtu anayesikiliza watu wawili kwa wakati mmoja. Nilijaribu tena. Nilijaribu mara kumi na tano hivi, na kila mara nilijiambia nisiangalie ugwe kabla sijaamini macho. Za mwisho zilianza kukaa pamoja: 54, 56, 55, 55. Sentimita 55 iliniweka kilomita 18 kaskazini ya ufuo wa Nungwi, majini. Kwa mtu aliyesimama kwenye mchanga usiotikisika, mwenye kalamu na kikokotoo, si jambo la kujivunia. Wenzangu wa zamani walikuwa juu ya sitaha inayopanda na kushuka.

Siku iliyofuata nilikaa kivulini nikafunga mafundo kwa hesabu. Lamu, sentimita 42 kutoka kwenye kibao. Mombasa, 48. Tanga, 52 na nusu. Nungwi, 56. Mji wa Unguja, 58 na kitu. Kizimkazi, ncha ya kusini, 60 na kitu, kwa hiyo kisiwa kizima cha Unguja, vijiji na mikarafuu yake, kina sentimita nne za ugwe. Dar es Salaam, 62 na nusu. Vidole vilipofika Kilwa, hesabu ilitaka sentimita 82. Nikaling'ata fundo hilo, nikanyoosha mkono mpaka bega likauma. Niliishia 68.

Hapo nikamkumbuka rubani wa Malindi na vibao vyake vitatu. Kila nyota inaposhuka, kibao hutakiwa kusogea mbali zaidi, na mkono wa binadamu una mwisho. Nilirudi kwenye masalio ya mbao, nikaomba msumeno tena. Kibao cha pili nilikikata sentimita saba. Kilwa ikarudi hadi 57.